Kimondo, meteoriti au asteroidi? Namna ya kulitaja jiwe la angani kwa jina lake na kulipima uliloliokota

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Aprili 2029, yapata saa 6:46 kwa saa za Afrika Mashariki, mwamba uitwao Apophis, wenye upana wa zaidi ya mita 300, utapita kiasi cha kilomita 32,000 juu ya uso wa Dunia. Hapo utakuwa karibu nasi kuliko satelaiti za matangazo ya televisheni, na usiku huo watu wa Afrika na Ulaya wataweza kuuona kwa macho matupu ukisogea taratibu kati ya nyota. Vichwa vya habari vitasema "kimondo kikubwa kinapita", na vitakuwa vimekosea. Apophis ni asteroidi, na itaendelea kuwa asteroidi kwa sababu haitagusa hewa ya Dunia.

Kosa hilo ni rahisi kuliepuka. Jina la jiwe la angani halitokani na madini yaliyomo ndani yake. Linatokana na mahali lilipo sasa hivi, ukubwa wake, na yale liliyopitia njiani. Kwa hiyo jiwe lile lile linaweza kubeba majina matatu ndani ya siku moja, na yote yakawa sahihi kwa wakati wake.

Anza kwa kuuliza liko wapi

Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulizipitia upya maana za maneno haya mwaka 2017, na hizo ndizo tunazozifuata hapa.

Likiwa bado angani, nje ya hewa, na ukubwa wake ni kati ya maikromita 30 (yaani milimita 0.03) na takribani mita moja, ni meteoroidi. Chini ya hapo ni vumbi la angani. Likizidi mita moja ni asteroidi, au kometi kama linatoa gesi na vumbi likipashwa joto na Jua. Neno "takribani" limewekwa makusudi, kwa hiyo jiwe la sentimita 90 lisikutie kwenye ugomvi na mtu.

Likiingia kwenye hewa, tunachokiona ni kimondo. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: kimondo, kwa maana ya kitaalamu, ni tukio. Ni mwanga, joto na wimbi la mshindo vinavyotokea pale kitu kigumu kinapoingia kwenye hewa kwa kasi ya kati ya kilomita 11 na 72 kwa sekunde. Hewa iliyo mbele yake inabanwa ghafla, inapata joto kali, na uso wa jiwe unayeyuka na kuwa mvuke. Mara nyingi mwanga huo huonekana kwenye kimo cha kilomita 120 hadi 80. Kusema "nimeokota kimondo" ni sawa na kusema umeokota radi.

Kinachonusurika mwanga ukishazimika ni meteoriti. Ukipenda kusema "jiwe la kimondo" katika mazungumzo ya kawaida, umesema vyema, maana umetenganisha jiwe na mwanga. Kwenye ripoti, kibandiko cha makumbusho au habari ya gazeti, andika meteoriti.

Je, Kimondo cha Mbozi? Liache jina hilo kama lilivyo. Ni jina rasmi la kitu kimoja kinachojulikana, na jina rasmi halisahihishwi. Lakini ukieleza ni kitu gani, sema hivi: Kimondo cha Mbozi, kilichoko Ndolezi mkoani Songwe, ni meteoriti ya chuma yenye urefu wa kama mita tatu na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, yenye takribani asilimia 90 ya chuma na karibu asilimia 9 ya nikeli.

Mfano mmoja wa kushika: jiwe la Sudan

Tarehe 6 Oktoba 2008, darubini ya Mount Lemmon huko Arizona iliona kitu kidogo kikielekea Duniani. Kilikuwa na upana wa kama mita nne, kwa hiyo kilisajiliwa kama asteroidi kwa jina 2008 TC3. Chini ya saa 24 baadaye, alfajiri ya tarehe 7, kiliingia kwenye hewa juu ya jangwa la Nubia kaskazini mwa Sudan na kupasuka kwenye kimo cha kilomita 37 hivi. Mwanga ule ulikuwa kimondo, tena kikali mno. Desemba mwaka huo Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum na mwanaastronomia Peter Jenniskens waliwaongoza wanafunzi kupekua mchanga wakiwa wamejipanga mstari mrefu, wakaanza kupata vipande vyeusi. Utafutaji uliofuata ukafikisha vipande kama 600, vyote pamoja kilo kumi na kitu. Hivyo ni meteoriti, na jina lake ni Almahata Sitta, yaani Kituo cha Sita, kituo cha reli kilichokuwa karibu na pale.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa asteroidi kuonekana angani kabla ya kuanguka na kisha vipande vyake kupatikana. Angalia jinsi majina yanavyofuatana: 2008 TC3 haikuanguka Sudan "ikiwa meteoriti", na Almahata Sitta haikuwahi kuzunguka Jua kwa jina hilo. Ukiandika habari ya namna hii, badilisha jina pale jiwe linapoingia kwenye hewa, ulibadilishe tena mwanga unapozimika.

Mahali ambapo hata wajuzi huteleza

Mwezini hakuna meteoriti. Maana yake inadai jiwe liwe limepita kwenye hewa, na Mwezi hauna hewa ya kutosha kuwasha kimondo. Jiwe geni lililogonga Mwezi huitwa mabaki ya mgongano. Mirihi ni habari nyingine, kwani ina hewa, ingawa nyembamba. Gari la utafiti la Marekani, Opportunity, lilikuta meteoriti ya chuma huko Januari 2005, na neno hilo ni halali kabisa.

Udongo ulioletwa na vyombo kutoka kwenye asteroidi si meteoriti pia. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta gramu 5.4 kutoka Ryugu Desemba 2020. OSIRIS-REx ya Marekani ikaleta gramu 121.6 kutoka Bennu Septemba 2023. Kapsuli zenyewe ziliwaka angani, lakini udongo uliokuwa ndani haukuguswa na moto. Huo uite sampuli ya asteroidi. Tofauti hii ina uzito kwetu, kwa sababu udongo wa Ryugu unafanana sana na meteoriti ya Ivuna, iliyoanguka Tanganyika, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Songwe, tarehe 16 Desemba 1938. Uzito wake ulikuwa gramu 705 tu, lakini kundi zima la meteoriti za aina ya CI limepata herufi yake ya pili kutoka Ivuna. Vitu viwili vya aina moja, kimoja sampuli, kingine meteoriti, na kinachovitenganisha ni njia kilichopita kila kimoja.

Vyuma vya roketi navyo vinachanganya. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha kama mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Chuma cha namna hiyo kinaweza kabisa kutoa kimondo kikiingia kwenye hewa, kwani maana ya kimondo inataja kitu chochote kigumu kutoka angani. Lakini hakiwezi kuwa meteoriti, kwa sababu meteoriti lazima iwe kitu cha asili. Huo ni uchafu wa anga za juu.

"Mvua ya vimondo" ni mianga mingi inayoonekana kutoka upande mmoja wa anga, kama ile ya Geminidi ya tarehe 13 na 14 Desemba au Perseidi ya tarehe 12 na 13 Agosti. Chanzo chake ni chembechembe ndogo zinazoteketea juu kabisa, kwa hiyo usiende shambani asubuhi kutafuta mawe. Mambo ya Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992 yalikuwa tofauti: jiwe moja kubwa lilipasuka na vipande vingi vikamwagika mjini. Kimoja cha gramu 3.6 kilipita kwenye majani ya mgomba na kumgonga mvulana kichwani, bila kumdhuru. Tukio kama hilo usiliite mvua ya vimondo, na usiliite mvua ya mawe pia, maana msomaji ataelewa barafu. Andika "anguko la meteoriti nyingi".

Na neno anguko lenyewe lina mpaka wake. Meteoriti iliyoonekana ikianguka na kuokotwa huandikwa kuwa ni anguko: Ivuna, Mbale, Thika ya tarehe 16 Julai 2011. Iliyokutwa tu ardhini bila shahidi wa kuanguka kwake huandikwa kuwa imeokotwa, na Mbozi imo kundi hili. Hata kama kila mtu kijijini ana hakika kwamba ilitoka juu, bila mtu aliyeiona siku hiyo haigeuki kuwa anguko.

Kuhusu kometi tusikae sana. Ikiwa na kichwa chenye ukungu wa gesi na labda mkia, ni kometi, au nyota mkia kwa wazee wetu. Kometi huning'inia angani usiku baada ya usiku, wakati kimondo hukatika kwa sekunde. Ikichoka kutoa gesi huweza kufanana na asteroidi, na baadhi ya asteroidi hutoa vumbi, kwa hiyo mpaka huu una ukungu wake wa kweli.

Kusoma jina la asteroidi

Ukikuta 2024 YR4, usilisome kama namba ya gari. Mwaka ni wa kugunduliwa. Herufi ya kwanza ni nusu ya mwezi: A ni Januari 1 hadi 15, B ni Januari 16 hadi 31, na kuendelea hadi Y, ambayo ni nusu ya pili ya Desemba. Herufi I hurukwa ili isifanane na namba 1. Herufi ya pili ni zamu ya ugunduzi ndani ya nusu mwezi hiyo, kutoka A hadi Z, nayo pia bila I, kwa hiyo ni herufi 25. Zikiisha, mzunguko unaanza upya na namba ya mwisho inahesabu mizunguko iliyokwisha.

Fanya hesabu: R ni ya 17. Mizunguko 4 mara 25 ni 100, jumlisha 17. Basi 2024 YR4 ni kitu cha 117 kusajiliwa katika nusu ya pili ya Desemba 2024. Apophis ilianza kama 2004 MN4. M ni nusu ya pili ya Juni, N ni ya 13, kwa hiyo ni ya 113. Watu wengi hukosea hapa kwa kusahau kuiruka I, na jibu linazidi kwa moja kwa kila herufi inayoanzia J.

Ukiona kimondo kikali

Kimondo kinachong'aa kuliko Zuhura kina daraja lake: ni kimondo kikali, au bolidi. Ukikiona, andika papo hapo saa, upande kilipoanzia na kilipoishia, kimo chake juu ya upeo kwa digrii (ngumi moja mkono ukiwa umenyooshwa ni kama digrii 10), na muda kilichodumu. Kisha subiri. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi, kwa hiyo mshindo kutoka kimo cha kilomita 30 hukufikia baada ya dakika moja na nusu au zaidi. Kaa mbali na vioo muda huo wote. Huko Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013, wengi wa majeruhi walikatwa na vioo vya madirisha vilivyopasuliwa na wimbi la mshindo.

Usiamini macho yanayokwambia "kimeanguka nyuma ya kile kilima". Mwanga ukionekana umegusa upeo, jiwe liko mamia ya kilomita kutoka ulipo. Meteoriti nyingi huzimika zikiwa bado kilomita 20 au zaidi juu, kisha hushuka gizani kwa kasi ya jiwe la kawaida linaloanguka. Ndiyo sababu haziwashi moto majani, na anayesema amekuta jiwe likiwaka shimoni ameona kitu kingine.

Kupima jiwe uliloliokota

Andaa sumaku ndogo ya kawaida na uzi, lenzi ya mkononi, kigae cha bafuni, tupa au msasa mgumu, na mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu moja. Fuata mpangilio huu, kwa sababu vipimo vya mwisho vinaharibu kidogo.

Kwanza tazama tu. Meteoriti iliyoanguka karibuni ina gamba jeusi au la kahawia iliyokolea, jembamba, mara nyingi chini ya milimita moja, na palipomeguka ndani huonekana rangi ya kijivu isiyokolea. Uso unaweza kuwa na vibonyeo vya ukubwa wa kidole gumba. Ukiona matundu ya mapovu, weka chini: karibu kila mara hilo ni jiwe la volkano, kama yanayojaa Rungwe na miteremko ya Kilimanjaro, au ni mavi ya chuma, yaani takataka za kuyeyushia chuma. Maeneo ya wahunzi wa zamani, Ufipa na Buhaya kwa mfano, yana mavi ya chuma yaliyotapakaa mashambani, mazito, meusi, na yanayovutwa na sumaku. Ukiona fuwele nyeupe za kwatzi pia umemaliza, hiyo si meteoriti.

Pili, ning'iniza sumaku kwa uzi na usogeze jiwe karibu. Usiliguse jiwe kwa sumaku kali za spika au diski za kompyuta, kwani zinafuta kumbukumbu ya usumaku wa kale ambayo watafiti huisoma. Meteoriti nyingi zitauvuta uzi upinde. Zisizovuta zipo, lakini ni chache. Sumaku peke yake haithibitishi kitu, maana magnetaiti, madini ya chuma ya hapa hapa Duniani, huvuta vizuri zaidi.

Kwa hiyo kipimo cha tatu ni mchirizo. Geuza kigae upande wa nyuma usiong'aa, sugua jiwe kwa nguvu za wastani. Magnetaiti huacha mstari mweusi au kijivu kilichokolea, hematiti, madini mengine ya chuma, huacha mwekundu wa udongo. Meteoriti iliyo safi haiachi kitu, au huacha kivuli hafifu. Iliyokaa ardhini miaka mingi ikapata kutu inaweza kuchora kahawia, kwa hiyo sugulia sehemu iliyomeguka.

Nne, saga kwa tupa dirisha dogo la milimita tano kwenye kona. Tazama kwa lenzi. Zaidi ya asilimia 80 ya meteoriti zinazoonekana zikianguka ni za mawe aina ya kondraiti, na ndani yake utaona punje za chuma zinazong'aa kama fedha zikiwa zimetawanyika, na mara nyingi vidonge vya duara vya milimita moja au pungufu. Vidonge hivyo, kondruli, havitengenezwi na jiwe lolote la Dunia. Kama dirisha lote ni chuma kitupu, unashuku meteoriti ya chuma, lakini fikiria kwanza matufe ya karasha ya wachimbaji, vipande vya reli na vyuma vya matrekta.

Tano, msongamano. Pima jiwe likiwa kavu. Weka bakuli la maji kwenye mizani na urudishe namba kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi, litumbukize lote bila kugusa chini wala kando. Gramu zinazosomeka sasa ndizo sentimita za ujazo za jiwe; gawanya uzito wake mkavu kwa namba hiyo. Jiwe la gramu 268 likisoma 80 ndani ya maji lina msongamano wa 3.35, na hapo ndipo kondraiti nyingi zinapoangukia, kati ya 3.0 na 3.7. Meteoriti ya chuma iko kati ya 7 na 8. Magnetaiti na hematiti ziko 5 na kitu. Bazalti ngumu, jiwe la volkano, huishia karibu na 3, kwa hiyo kati ya 2.9 na 3.1 kipimo hiki hakiamui. Jiwe likigusa chini ya bakuli, mizani hubeba uzito wake na jibu linatoka dogo kuliko ukweli. Jiwe jeusi, jepesi, linalomeguka kwa kucha usilitie majini hata kidogo: meteoriti za aina ya Ivuna husambaratika zikiloa.

Chuma kikipita hapa, kinahitaji kipimo cha nikeli. Baadhi ya wanunuzi wa dhahabu wana kipimo cha miale ya eksirei, waombe wakielekeze kwenye dirisha ulilosaga, siyo kwenye kutu. Nikeli ya asilimia tano au zaidi bila kromiamu ni habari njema. Nikeli ikija na kromiamu nyingi, hicho ni chuma cha pua.

Kulipa jina

Wewe hulipi jina. Jina la meteoriti hupitishwa na kamati ya majina ya Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha watafiti wa meteoriti, na hufuata mahali ilipopatikana, siyo aliyeiokota. Majangwani ambako zinapatikana nyingi hutumika kifupi na namba. ALH 84001, kwa mfano, ni ya Allan Hills huko Antaktika, msimu wa 1984, kielelezo namba 001.

Kabla ya jina, sehemu ya jiwe lazima ibaki kwenye taasisi: gramu 20, au asilimia 20 ya jiwe zima, ile iliyo ndogo. Tanzania anzia kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma au idara ya jiolojia ya chuo kikuu, Kenya kwa Makumbusho ya Taifa. Lifunge jiwe kwa karatasi ya foili, ndani ya mfuko mkavu, bila kuliosha wala kulipaka mafuta. Weka kadi ndani ya mfuko wa pili, isiguse jiwe, ikiwa na tarehe, kijiji na wilaya, vipimo vya GPS, kina kama ulilifukua, uzito wa kila kipande, na jina la mtu aliyeona mwanga kama yupo. Mahali pa jina la meteoriti paache wazi.